Kutoka Gitega hadi Buyenzi Kumtafuta Mwizi wa Betri

Barabara itokayo Gitega kwenda Bujumbura haizidi sana kilomita mia moja, lakini mtu aipitaye hubadili majira ya mwaka akiwa njiani. Huondoka katika baridi ya nyanda za juu, akapanda hadi Bugarama, mahali palipo zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, ambapo ukungu wa asubuhi hulala barabarani na akina mama huuza kabichi, karoti na viazi wakiwa wamejifunika vitenge hadi masikioni. Kutoka hapo huanza mteremko, kona baada ya kona, mpaka Ziwa Tanganyika litokeze chini, na msafiri akaanza kuvua koti. Nimeipita barabara hiyo mara nyingi tangu Gitega ulipofanywa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019 na ofisi yetu ikahamia huko. Lakini safari ninayotaka kuwasimulia wasomaji niliifanya bila kuzima injini hata mara moja, kwa kuwa sikuwa na hakika kwamba ingewaka tena.

Gari lenyewe ni Corolla kuukuu lililotoka Japani kwa meli, likashushwa Dar es Salaam, likaletwa kwa barabara. Kama mengi ya jamii yake hapa kwetu, lina usukani upande wa kulia, ingawa sheria ya Burundi ni kuendesha kulia. Asiyeijua taabu ya jambo hilo na aje akae nyuma ya lori katika mlima wa Bugarama. Dereva amefichwa na mgongo wa lori, haoni kinachokuja. Abiria aliyeketi kushoto ndiye anayechungulia na kusema kama njia ni nyeupe. Dereva hupita kwa neno la mwenzake. Siku hiyo nilikuwa peke yangu, basi nikayafuata malori kwa subira, huku vijana wa baiskeli wenye mikungu ya ndizi wakinipita mteremkoni kama mishale.

Sasa nieleze maradhi ya gari. Lilikuwa likiegeshwa jioni likiwa zima, na asubuhi likawa limekufa. Nikizungusha ufunguo nasikia tk-tk-tk chini ya boneti, taa za deshibodi zinafifia, basi. Na kwa kuwa giaboksi yake ni ya kujibadili yenyewe, halikubali kusukumwa likawaka. Mara mbili tatu kwa juma nilikuwa nikimwamsha jirani kuazima moto wa betri yake, na mtu huona haya kugonga mlango uleule kila alfajiri. Nikanunua betri mpya. Siku ya tisa nayo ikalala.

Hapo ndipo nilipomgeukia zamu. Ndivyo tunavyomwita kwetu mlinzi wa usiku. Alikuwa mtu mzima kunishinda, mwenyeji wa vilima vya Bugarama, na alikuwa amelinda nyumba yetu kwa miaka miwili bila kosa. Usiku wa Gitega una baridi kali mwezi wa Juni na Julai, na alfajiri moja nilimkuta ameegemea mlango wa gari. Nikayaunganisha mambo kichwani mwangu: baridi, kiti laini, na redio. Nilipomuuliza alijibu kwa utulivu, “Bwana, redio yako sijaigusa.” Nikaanza kulala na funguo chini ya mto, betri ikafa vilevile. Jambo hilo peke yake lingetosha kunifungua macho, lakini nilijiambia kwamba kitasa cha gari la zamani hufunguliwa na ufunguo wowote. Betri mpya ilipokufa nilimlipa mshahara wake, nikakata nusu kufidia gharama, nikamwambia aende kwao. Hakubishana. Alikunja blanketi lake akaondoka.

Juma lililofuata betri ikafa mara mbili. Mke wangu alisimama barazani akinitazama navua na kufunga nyaya za kuazima moto, akasema, “Na sasa anayesikiliza redio ni nani?”

Ndiyo maana nikateremka Buyenzi. Wasomaji wasioijua Bujumbura watanisamehe nikikaa hapa kidogo. Buyenzi ni mtaa wa zamani, miongoni mwa mitaa ya kwanza waliyowekwa Waafrika wakati wa utawala wa Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura. Waliokaa humo walikuwa Waswahili wa aina zote: waliotoka Ujiji na ng'ambo ya ziwa, Wamanyema wa Kongo, na Warundi walioingia mjini na kushika lugha ya mji. Hata leo mtoto wa Buyenzi huanza kusema Kiswahili kabla hajatoka uani kwao. Barabara zake hazina majina bali zina namba, na mtu akikuelekeza kwake hukutajia namba ya barabara na jirani wa karibu. Misikiti ni mingi, na adhana ya msikiti mmoja haijamalizika kabla ya mwingine kupokea.

Lakini mgeni huijua Buyenzi kwanza kwa mlio wa nyundo. Mafundi wa magari wamejaa kando ya barabara zake. Hapa boneti imeinuliwa juu ya mawe, pale kijana amelala chini ya gari miguu ikionekana hadi magotini, mbele yake mwingine anauza vipuri vilivyotolewa katika magari yaliyokwisha kufa: taa, vioo, stata, redieta, milango mizima iliyoegemezwa ukutani. Harufu ya oili na ya maandazi huja pamoja. Hapo ndipo nilipolala kwa dada yangu, na shemeji yangu ndiye aliyenipeleka kwa fundi wake.

Fundi huyo ni mzee mwenye kofia ya mkono, aliyepokea kazi kwa baba yake na sasa anawafundisha vijana watatu. Nilimwamkia, nikamwambia nahitaji betri nzuri kuliko ile niliyouziwa. Hakuitazama hata betri. Akauliza, “Mwalimu, ugonjwa ulianza lini?” Nikamwambia, kama miezi mitatu. “Na kabla ya hapo gari lilifanywa nini?” Nikajibu kwamba halikufanywa kitu. Akanitazama, kisha akaachana na swali hilo. Nitalirudia.

Kwanza alipima chaji. Gari likiwa linanguruma, mita yake ilionyesha volti 14.2 kwenye vichwa vya betri. Akanieleza kwamba alteneta nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, ikiwa chini ya 13, gari linaendeshwa kwa akiba ya betri, na hapo mtu asimtafute mwizi wa usiku, kwani betri haikuingizwa kitu mchana. Basi alteneta yangu ilikuwa ikifanya kazi yake. Kisha akazima injini, akalegeza nati, akauvua waya wa upande wa hasi, akaufunga kitambaa na kuuweka kando. “Nenda ukalale,” akasema. “Gari nalo litalala bila betri.”

Huo ndio uchunguzi ninaotamani kila mwenye gari aujue, kwa sababu haugharimu kitu ila spana moja. Betri ya gari ni visanduku sita vya risasi na asidi, kila kimoja kikitoa volti mbili na kidogo. Ikiwa imejaa na imepumzika, mita husoma 12.6 au 12.7. Ikisoma 12.2 imebaki nusu, na ikishuka hadi 12 imekaribia kwisha. Sasa ukiivua usiku kucha na asubuhi ukaikuta imeshuka yenyewe, ugonjwa umo ndani ya betri. Ukiikuta kama ulivyoiacha, basi betri haina hatia: kuna kitu garini kinachoinyonya. Mtu avue hasi kwanza na kuirudisha mwisho, ili spana ikigusa bati isilipuke cheche. Tena asivute sigara hapo, maana betri inayochajiwa hutoa hewa inayowaka.

Usiku ule tulikula mukeke kwa dada, joto likiwa limekaa juu yetu kama blanketi la pili. Nilimkumbuka fundi alivyosema nilipolalamika kwamba betri za Bujumbura hazidumu: “Joto la huku huila, baridi ya kwenu huitangaza.” Na ni kweli. Joto huharakisha kuoza kwa risasi na kukausha maji ya betri, lakini udhaifu hauonekani ila siku injini inapokuwa baridi na nzito kuzungushwa. Mtu wa Gitega huilaumu baridi kwa kosa lililofanywa na jua la ziwani.

Asubuhi mita ilisoma 12.5, ileile ya jioni. Waya wa hasi uliporudishwa gari likawaka kwa mguso mmoja. Betri ilikuwa nzima. Nikaiwaza ile ya kwanza, niliyoitoa kwa bei ya chuma chakavu. Yamkini nayo ilikuwa nzima nilipoanza kuilaumu, ingawa fundi alisema kwamba betri inayoachwa tupu mara kwa mara hatimaye huharibika kweli, kwa kuwa chumvi ngumu hushika juu ya bamba zake na haitoki tena. Mwaka 2024 mafuta yalipokuwa haba, akasema, alipokea betri nyingi za namna hiyo: magari yalilala siku kadhaa kwenye foleni, redio zikiimba, injini zikiwashwa kusogea hatua kumi tu.

Ndipo ukaja uchunguzi wenyewe. Alivua tena hasi, akaiweka mita katikati ya waya na kichwa cha betri, ili umeme wote unaotoka ulazimike kupita ndani ya mita. Hapo hapimwi volti bali ampea. Kwa wasomaji wasiozoea maneno haya: volti ni msukumo wa maji bombani, ampea ni wingi wa maji yanayopita. Mita huwekwa kwenye tundu la ampea kumi, na wakati huo mtu asithubutu kuwasha injini wala taa kubwa, ataunguza fyuzi ya mita au mita yenyewe. Milango ilifungwa, na ule uliobaki wazi kijana mmoja alibonyeza kitasa chake kwa bisibisi ili gari lidhani umefungwa. Kisha tukaenda kunywa chai. Magari ya siku hizi hayalali mara moja; vifaa vyake huendelea kukesha kwa dakika ishirini hata arobaini, na apimaye kwa pupa atamkamata asiyehusika.

Gari lililolala huruhusiwa kula kidogo, kwa ajili ya saa na kumbukumbu za kompyuta yake: si zaidi ya ampea 0.05. Letu lilikuwa likila 1.6.

Nilifanya hesabu juu ya kipande cha boksi. Tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi ni saa kumi na mbili, mara 1.6, ni ampea-saa 19 na ushei. Betri yangu imeandikwa 45. Kila usiku karibu nusu ya akiba ilikuwa ikiondoka, nami asubuhi naendesha dakika kumi hadi ofisini, nikidhani nimeirudisha. Dakika kumi hazitoshi kulilipa deni hilo.

Kijana akaanza kuchomoa fyuzi mojamoja, mwenzake akisoma mita kwa sauti. Fyuzi ikichomolewa na namba ikaanguka, mwizi yumo katika njia hiyo. Taa za ndani: 1.6. Honi: 1.6. Madirisha: 1.6. Kasha zima la fyuzi likabaki na matundu matupu, na mita haikutikisika. Fundi akashuku alteneta, kwa maana ndani yake mna vijidude vinavyoitwa dayodi, vinavyouzuia umeme usirudi nyuma. Kimoja kikitoboka, betri hujimwaga ndani ya alteneta usiku kucha, na waya wake mnene haupiti kwenye fyuzi hizi ndogo. Akaiondoa mita, akaufungua waya ule, akafunga vizuri, akaipachika mita tena: 1.6.

Kimya kikaingia. Adhana ya adhuhuri ikaanza, mzee akaenda kunawa. Aliporudi kutoka msikitini, yule kijana mdogo kabisa, ambaye kazi yake ilikuwa kushika tochi, alikuwa ameinama juu ya betri. Akasema, “Mzee, huu mwekundu haukuzaliwa na gari.”

Ulikuwa waya mnene uliojificha ndani ya ganda moja na nyaya za kiwandani, ukatoka kwenye kichwa cha chanya, ukapenya ukuta wa injini, ukaingia chini ya zulia. Waliufuata kwa vidole hadi chini ya kiti cha dereva. Fundi akaingiza mkono, akautoa, akaniambia, “Weka mkono wako wewe.” Nikagusa kisanduku cha chuma. Kilikuwa na joto, kama yai lililoachwa na kuku sasa hivi. Gari lilikuwa limezimwa tangu asubuhi.

Hapo lile swali la kwanza likanirudia. Miezi mitatu iliyopita gari langu lilikuwa na redio ya Kijapani. Redio za Japani haziendi na za kwetu: masafa yao ya FM huanza 76, na nyingi huishia 90, ambapo stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Nilikuwa nikisafiri bila taarifa ya habari. Nikabadilisha redio kwa mtu mmoja, naye akanishawishi niongeze amplifaya ndogo ili sauti iwe nene. Nilifurahi, nikalipa, nikasahau. Nilipoulizwa gari lilifanywa nini nikajibu halikufanywa kitu, kwa kuwa redio, kwa fikira zangu, ilikuwa jambo la masikio, si jambo la gari.

Amplifaya ina waya mwembamba wa buluu unaopaswa kuunganishwa na wa buluu wa redio; redio ikiwaka huiamsha, ikizimwa huilaza. Aliyeifunga aliuunganisha na ule mwekundu mnene, ambao una umeme wakati wote, mchana na usiku. Ikawa inakesha bila kutoa sauti. Tena ule waya mnene haukuwekewa fyuzi karibu na betri. Ungechubuka na kugusa bati, gari lingeungua. Hili lilimkasirisha fundi kuliko hilo la kwanza. Alihamisha waya wa buluu, akaweka fyuzi shibri moja kutoka kwenye betri, tukasubiri tena nusu saa. Mita ikasoma 0.02.

Nilimuuliza mtu asiye na mita afanyeje. Akasema avue hasi usiku, kama tulivyofanya. Aguse kwa mkono vifaa ambavyo havipaswi kuwa na joto. Na akishuku taa ya buti, aweke simu humo ikirekodi picha, afunge, kisha aitazame. Nilimlipa. Hakuniuzia betri.

Nililala usiku wa pili, na alfajiri nikaanza kupanda. Vijana wa baiskeli sasa walikuwa wameshika malori kwa mkono mmoja, wakivutwa juu. Bugarama nilisimama kwenye kabichi, nikazima injini, nikauliza. Haikuchukua muda, walimjua. Alikuwa hapo karibu akimsaidia mkewe kufunga viazi katika magunia. Nilimsimulia yote, mpaka kisanduku chenye joto.

“Kwa hiyo ilikuwa redio,” akasema.

“Ilikuwa redio. Lakini niliyeiwasha ni mimi, miezi mitatu bila kujua.”

Nikamrudishia ile nusu ya mshahara niliyoikata, na nauli, nikamwomba radhi mbele ya mkewe. Alizihesabu, akampa mkewe. Nilipomwomba arudi Gitega alitikisa kichwa. Alikwisha kupata ghala la kulinda, Muramvya, na alikuwa akianza jioni ileile. Akauliza kama ninapita huko.

Alipanda akaketi kushoto, mikono juu ya magoti, hakugusa kitu. Gari liliwaka mara moja, naye hakusema neno juu ya hilo. Mbele kidogo tukakuta lori la mchanga likijikokota, nami nikapunguza mwendo nyuma yake, sioni kitu. Akasogea dirishani akachungulia.

“Bado, bwana.”

Tukaenda hivyo hadi kona ya pili. Akachungulia tena.

“Haya, pita.”

Nikapita.